Mbio za ndege za chini chini: usitazame zote, chagua moja

Mkuu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama mbio za ndege zinazoruka chini chini zina raha yoyote kwa mtazamaji, kwa sababu ulizoziona kwenye runinga "zilikuwa zinazunguka tu" na hukujua nani yuko mbele. Mchangiaji mmoja akakujibu kwamba watu huenda kule kusubiri ajali. Nimekaa jukwaani kwenye uwanja wa ndege wa Stead, nje kidogo ya Reno, Nevada, Marekani, mbio hizi zilipokuwa zikifanyika huko, kwa misimu miwili, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona.

Runinga inauua huu mchezo. Kamera inaifuata ndege kwa lenzi ndefu, nyuma yake ni mbingu tupu, basi jicho halina kitu cha kupimia kimo wala kasi. Ukiwa uwanjani ni habari nyingine kabisa. Nguzo za kuzungukia zina kimo cha mita 15 hivi, ni nguzo za simu zilizopachikwa mapipa juu, na ndege inazipita karibu usawa wa kilele. Kivuli chake unakiona kinakimbia kwenye nyasi kavu, karibu kabisa na tumbo lake. Chini ya nguzo kuna waamuzi wanaotazama juu. Rubani akikata kwa ndani ya nguzo wanamwona, na muda wake unaongezwa.

Sasa, nani yuko mbele? Inategemea ni mbio zipi. Ulizoziona wewe, kwa jinsi ulivyoeleza nguzo za kitambaa, ni zile za Red Bull zilizoendeshwa kati ya 2003 na 2019. Pale rubani aliruka peke yake akishindana na saa. Nguzo zilijazwa upepo, zikafika kimo cha mita 25, na zilichanika zikiguswa na bawa, halafu vijana walikimbia kubadilisha kipande kilichoraruka. Ushindi ulipatikana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo bila saa ya kwenye kioo hukujua lolote. Nawaheshimu sana wale marubani, maana mwili ulibebeshwa uzito wake mara 10 kwenye kona moja. Lakini kwa kukaa na kutazama, mimi nachagua zile ambazo ndege zote zinaondoka pamoja. Anayeongoza unamwona kwa macho yako.

Na hata hizo zina madaraja yake. Zile ndogo za daraja liitwalo Formula One (ni ndege, si yale magari) zina injini ya nguvu za farasi 100 tu, lakini zinafika karibu kilomita 400 kwa saa, na zinaanzia zikiwa zimesimama kwenye barabara ya kurukia. Zile kubwa, nyingi zikiwa ndege za kivita za zama za Vita vya Pili zilizofumuliwa na kujengwa upya, zinaanzia angani. Zinajipanga pembeni ya ndege ya kuongoza, zinashuka pamoja kwa mteremko mrefu, kisha kiongozi anapanda juu na kuwaachia. Mzunguko pale Stead ulikuwa kama kilomita 13, nao waliumaliza kwa dakika moja hivi. Mwaka 2017 Steve Hinton Jr. aliendesha P-51, ndege ya kivita ya zama hizo, iitwayo Voodoo kwa wastani wa kilomita 855 kwa saa kwenye mstari ulionyooka wa kilomita 3. Hiyo ni propela na pistoni, wakuu, si jeti. Nunua vizibo vya masikio.

Kuhusu ajali sitaficha kitu. Mwaka 2011, pale pale Stead, kibawa kidogo cha kurekebishia mkia kilikatika kwenye ndege ya Jimmy Leeward, iitwayo Galloping Ghost. Wachunguzi walikuta chanzo kilianzia kwenye skrubu zilizolegea na nati zilizotumika tena. Walifariki yeye na watazamaji 10. Na mwaka 2023, mwaka wa mwisho wa mashindano hayo Reno kabla ya kuhamia Roswell, New Mexico, ndege mbili ziligongana zikienda kutua na marubani wote wawili wakafa. Anayetaka kwenda na ajue hilo. Ila kusema watu wanasubiri ajali ni kuwadhulumu watu niliokaa nao, na nitakueleza kwa nini.

Siku yangu ya kwanza niliipoteza. Nilitaka kuona zote, jicho kwenye kamera tangu asubuhi, na nilichoambulia ni picha za mikia. Siku ya pili niliiacha kamera, nikachukua redio ya kusikiliza mawasiliano ya marubani, nikalipia kuingia kambini kwa mafundi. Hapo ndipo mchezo ulipofunguka. Nilimkuta fundi mmoja ameikata filta ya oili ya injini, ameukunjua ule utepe wa karatasi wa ndani, anaupitisha kwenye jua taratibu, kunjo kwa kunjo. Alikuwa anatafuta chembe za chuma. Zikionekana zinang'aa, kuna kitu kinasagika mle ndani. Hizi injini zinakamuliwa kupita mbali kile zilichoundiwa, hivyo mbio nyingi zinaamuliwa na injini itakayodumu, hata kama rubani mwingine ana ujasiri zaidi. Alipofika mwisho alifuta vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaichagua ndege yake.

Alasiri sikutazama nyingine yoyote. Nilianza kuona jinsi rubani wake anavyoingia kona mapema ili atoke amenyooka, jinsi anavyokaa juu kidogo ya aliye mbele asiingie kwenye hewa iliyovurugwa na mabawa yake. Alikuwa wa tatu. Mzunguko wa nne sauti ikabadilika. Sikio lilijua kabla ya jicho: ule mngurumo mmoja mnene ukawa na mikwaruzo ndani yake. Kisha redioni, kwa sauti tulivu kabisa, akatangaza dharura, na ndege ikapanda wima kuelekea katikati ya uwanja. Ndivyo wanavyofanya. Ile kasi yote wanaibadilisha kuwa kimo, na kimo kinawapa muda wa kuchagua pa kutua. Wenzake waliendelea chini yake.

Jukwaa zima lilisimama. Hakuna aliyeinua kamera karibu nami, hakuna aliyeendelea kumtazama anayeongoza. Maelfu ya watu kimya, macho juu, wakifuata kitu kimoja kinachozunguka bila nguvu ya injini, kinateremsha magurudumu, kinaikabili barabara. Magurudumu yalipogusa chini, watu walipiga makofi kuliko walivyompigia mshindi dakika chache baadaye. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa analia.

Jioni nilipita tena kambini. Kifuniko cha injini kilikuwa kimeshafunguliwa, rubani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na chupa ya maji mkononi, na yule fundi amesimama kwenye mwanga wa taa, anakata filta nyingine.