Saa 72 za Kwanza Mtoto Akikwambia Ameumizwa

Mtoto akianza kusema, msikilize tu. Mwambie umemsadiki na kosa si lake. Akiondoka, andika maneno yake kama yalivyomtoka. Akisema "anko alinishika huku", andika hivyohivyo, usiyageuze yakawa ya watu wazima. Weka tarehe, saa, na nani walikuwapo. Kesi nyingi huharibika hapa: mama amemhoji, kisha shangazi, kisha mzee wa mtaa, kisha mwalimu. Mtoto akifika mahakamani maelezo yamekuwa manne, na wakili wa mshtakiwa anayapekua moja moja.

Ikiwa amenajisiwa, usimwogeshe. Ni vigumu, maana mkono wa mzazi hukimbilia maji na sabuni. Nguo zake zisifuliwe. Zikiwa na unyevu zianike ndani, kivulini, kisha kila nguo uitie mfuko wake wa karatasi. Usitumie nailoni: kwa joto letu la Mombasa nailoni hutoa jasho, nguo ikaota ukungu, ushahidi ukaoza. Mfuko ukikosekana, gazeti latosha.

Hospitali kwanza, polisi baadaye. Matibabu hayangoji nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, kisha humezwa siku 28 bila kukatiza. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupewa pia dawa ya kuzuia mimba, mwisho saa 120. Aliye Likoni, ng'ambo ya kivuko, asilale akisubiri kuvuka asubuhi. Aanze na hospitali ya serikali iliyo karibu. Daktari hujaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya kunajisiwa, nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja hubaki hospitali. Dai yako kabla ya kutoka mlangoni. Fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha kwa ajili ya kesi, utapewa na polisi. Kituoni uliza dawati la jinsia. Ukikwama, piga 116 ya watoto au 1195 ya ukatili wa kijinsia. Zote ni bure.

Sasa tufike kwenye kinachotuuma hasa: kumalizana nyumbani. Kikao kinawekwa, mshukiwa anatoa pesa, watu wanasema ni stara ya ukoo, na usiku ule mtoto analala nyumba moja na aliyemuumiza. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa mtoto mwenyewe haki ya kulindwa dhidi ya ukatili. Haki hiyo si mali ya baba wala ya wazee, basi hawana cha kusamehe kwa niaba yake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo haikuiachia familia uamuzi wa kufuta kesi. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha.

Wanaosema mambo haya ni ya nadra wasome tafiti za kitaifa za 2010 na 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Watafiti waliwauliza vijana wenyewe, kwa sababu daftari la polisi huhesabu waliofika kituoni tu. Ile ya 2019 ilikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume walipitia ukatili kabla ya kufika miaka 18.

Kama mama naye anapigwa, sheria ya 2015 ya ukatili wa nyumbani inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumzuia mpigaji asimsogelee.

Usikate tamaa kwa kukosa shahidi mwengine. Katika kesi ya kingono, hakimu akimsadiki mtoto na kuandika sababu zake, neno la mtoto peke yake latosha kumtia mtu hatiani. Nambari ya OB, nakala ya PRC na ya P3 zitie bahasha moja, uiweke kwa mtu asiyekaa nyumba moja na mshukiwa.