Mgonjwa kaniambia anaogopa, nikamjibu "vizuri sana"

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, naomba zile sentensi zako za kuzungumza za OET, nina wiki tatu tu." OET ni ule mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Sentensi sina. Nilikuwa nazo daftari zima, na ndizo zilizoniponza.

Matokeo yangu ya kwanza yalikuwa hivi: kusikiliza 380, kusoma 370, kuandika 350, kuzungumza 320. Nilihitaji 350 kote. Yaani mimi, muuguzi wa miaka tisa, ninayeshinda na wagonjwa kutwa, nimeangushwa na kuongea! Mwenzangu mmoja wa zamu alicheka mpaka akajishika tumbo. Sijamsahau.

Kwenye kuzungumza unaigiza na mtu anayejifanya mgonjwa. Maigizo huwa mawili, kila moja kama dakika 5, na kabla yake unapewa dakika 3 za kusoma kadi. Kadi yangu ilikuwa ya mgonjwa wa kisukari anayetakiwa kuanza sindano za insulini. Nikaifuata kama mwalimu anayeita majina darasani. Katikati, yule mama aliyeigiza mgonjwa akashusha sauti, akasema mama yake mzazi alianza insulini na mwaka haukuisha akafariki, kwa hiyo anaogopa. Nikamjibu: "Vizuri sana. Sasa tuje kwenye chakula."

Vizuri sana! Daftari lilisema mgonjwa akimaliza kuongea, mtie moyo. Mtu ananiambia kafiwa, mimi nampongeza. Na nilitoka mle ndani natabasamu, nikampigia mke wangu kumwambia kazi imekwisha.

Baadaye ndipo nilipokaa kusoma vigezo, jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa. Viko tisa. Vinne ni vya lugha: matamshi yanayoeleweka, mtiririko, lugha inayomfaa unayeongea naye, sarufi na msamiati. Vitano vilivyobaki ni vya namna unavyoongea na mgonjwa: kujenga uhusiano, kuelewa anavyoliona tatizo lake, kupanga mazungumzo, kuuliza, kueleza. Utaalamu wako wa tiba haupimwi. Mimi nilikuwa nachoma dakika kueleza kazi ya kongosho! Tena anayeigiza mgonjwa si yeye anayetoa alama; mazungumzo yanarekodiwa na kupelekwa kwa wengine. Kumchekeachekea hakusaidii kitu.

Nikaacha kulipia masomo. Nikamkalisha mdogo wangu, ambaye hospitali anaijua kwa kuugua tu, nikarekodi kwa simu. Rekodi ya kwanza ilinitia aibu: katika dakika tano, yeye kaongea sekunde arobaini. Nami nimesema "okei" mara ishirini na tatu. Nilihesabu kwa kalamu.

Kwa hiyo sikilizeni. Muulize mgonjwa anajua nini tayari kabla hujamfundisha. Eleza kidogo, simama, hakikisha mko pamoja, ndipo uendelee. Akitaja hofu, kadi iwekeni kando kwanza, muulizeni hofu hiyo imetoka wapi. Wengi wetu tunataka njia ya mkato, tunauziana sentensi za kukariri kama karanga, halafu tunalalamika mtihani una upendeleo. Mtihani hauna shida na wewe. Hukumsikiliza mgonjwa, basi. Na kama humsikilizi pale, wodini unamsikiliza? Nalisema hili nikijitazama mwenyewe.

Mara ya pili nilipata 390. Yule wa zamu nilimtumia picha ya matokeo bila neno lolote. Alijibu kidole gumba.

Sasa dada yangu, tafuta mtu asiyejua tiba, mwambie akubishie kwa kila kitu. Mdogo wangu siku moja aliinuka katikati ya igizo, akasema mimi simwelewi na anataka nesi mwingine. Alishafika mlangoni. Ilinichukua dakika nzima ya ile rekodi kumrudisha kwenye kiti.