Kwa nini kutoa 3 kunaipeleka V kulia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Tabora. Tulipewa tuchore grafu ya y = −2|x − 3| + 4. Nilijaza jedwali la x kuanzia −3 hadi 2, nikapata mstari ulionyooka unaopanda, nikapewa sifuri. Rafiki yangu hakujaza jedwali. Alichora V, yaani grafu ya y = |x|, akaihamisha, akapata zote. Anasema ile −3 inaisogeza kulia. Kwa nini kulia, na ni hasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sifuri hiyo imeniuma, maana mstari wako ni sahihi kabisa, ila ni nusu ya jibu. Jedwali lako liliishia 2, na grafu inakunja kona kwenye 3.

Tuanze na hapo kwenye kulia. Vile vijiti viwili vilivyosimama, | |, ambavyo mwanahisabati Mjerumani Karl Weierstrass alivitumia mwaka 1841, vinauliza jambo moja tu: umbali gani? |x| ni umbali kutoka 0. |x − 3| ni umbali kutoka 3. Chukua duka lililo kilomita 3 kutoka stendi. Ukitoka stendi kwa miguu, umbali wako na duka unapungua: 3, 2, 1, mpaka 0 mlangoni. Ukilipita, unaanza kuongezeka tena. Kona ya V iko pale umbali unapokuwa sifuri, yaani dukani, kwenye 3. Kwa hiyo usiitazame alama ya kutoa. Jiulize: x iwe ngapi ili ndani ya vijiti pabaki 0? Kwa |x + 3| jibu ni −3, na V inakwenda kushoto.

Nilipokuwa nafundisha nilitembea na spoki ya baiskeli niliyoikunja katikati ikawa pembe mraba. Hiyo ndiyo y = |x|. Tafuta waya, ufanye pamoja nami. Weka kona kwenye 0, kisha isogeze hadi 3 kwenye mhimili wa x. Sasa ile 2: ibane, ili kila ukienda mraba mmoja pembeni, mkono upande miraba miwili. Alama ya hasi inaipindua, kona juu, mikono chini. Mwisho ipandishe miraba 4. Kona imetua (3, 4). Kutoka hapo, hatua moja kulia unashuka mbili: (4, 2), halafu (5, 0). Kushoto vivyo hivyo: (2, 2), halafu (1, 0). Mkono huo wa kushoto, ukiuendeleza chini, ndio mstari ule ule uliouchora wewe.

Hapa wengi huteleza: wanapandisha 4 kwanza, ndipo wanazidisha kwa −2. Hapo hata ile 4 inazidishwa, inakuwa −8, na kona inaangukia (3, −8). Kubana na kupindua kwanza, kupandisha baadaye.

Mwalimu wako akikuletea y = |2x − 6|, usikimbilie 6. Ndani panakuwa 0 pale x inapokuwa 3, kwa sababu hiyo ni 2|x − 3|. Kona iko pale pale dukani, V imebanwa tu.