Kiti kile kile, nauli mara mbili

SWALI: Shikamoo mhariri. Nauza khanga Ngamiani, Tanga. Kila Idi napanda basi hadi Dar, kisha ndege kwenda Mwanza kwa dada yangu. Safari hii nauli ya ndege karibu mara mbili ya mwaka jana. Nimeonewa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujaonewa, umechelewa kukata. Viti huuzwa kwa mafungu: la bei ya chini likiisha, linafunguliwa la juu, na wiki ya Idi yanaisha upesi. Fastjet, shirika la ndege la bei nafuu, ilipoingia njia hiyo ya Dar–Mwanza Novemba 2012, nauli zilianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawajawahi kupanda ndege wakapanda. Ilisimama mwishoni mwa 2018, na hilo naliona ni hasara yetu: mashirika yakigombea abiria, mwenye bei kubwa anaona viti vitupu.

Ila ukilinganisha nauli, hesabu na mzigo. Niliwahi kukata tiketi rahisi, nikabeba kikapu cha machungwa ya Muheza. Mizani ikasoma kilo 12, nikalipishwa, na nafuu yote ikaishia kaunta. Niliumia kweli. Mwakani kata Ramadhani haijaandama, na uulize begi linalipiwa kiasi gani.