Juno, DX7 au kinanda cha harusi: niuze kipi?

SWALI

Asalaam aleikum Ami. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, napiga kinanda maharusini na pia narekodi kasida za vijana wa mtaani kwa simu, lakini simu imenichosha, matari yakianza tu sauti yote inapasuka. Sasa nataka nifanye studio ya kweli kwenye chumba cha juu nyumbani kwa bibi. Nahitaji saundi kadi, maiki ya kondensa, monita mbili (spika za kusikilizia) na laptopu yenye nguvu kidogo. Pesa sina ila vinanda ninavyo vitano: Yamaha DX7 nilonunua kwa bendi ya hoteli iliyovunjika, Roland Juno-106 aloniletea mjomba zama zake za ubaharia, aliinunua Japani, halafu Korg M1, microKORG, na Yamaha PSR-A2000 ambayo ndo ya kazi. Wenzangu wananambia niuze PSR manake hiyo si sinthi (kinanda cha kutengenezea sauti), ni kinanda cha harusi tu, na Juno nisiiguse kabisa kwa sababu inazidi kupanda bei. Kuna mgeni wa Shela kanipa 80,000 kwa Juno nikakataa. Lakini Juno yenyewe siku hizi nikipiga kuna noti inapotea, kama mtu anayecheka na pengo. Niuze kipi Ami?

Mpiga kinanda, Langoni


JIBU

Wa aleikum salaam mwanangu. Hao wenzako kwanza waulize nani kati yao atakulipia stima ukishauza PSR, manake harusi ndo zinakulisha na harusi hazipigwi na Juno.

Mimi yalinikuta. Shaaban moja niliuza kinanda changu cha kazi nikanunua moduli moja ya rafu, sanduku la sauti lisilo na funguo, lenye taa nyingi kama meli ya watalii, Ramadhani yote usiku nakaa nayo naichezea nafurahi, Mfunguo Mosi ikaingia harusi zikafululiza na mimi sina cha kupigia. Nikatafuta cha kukodi mji mzima, kilichopatikana ni kile kile changu, kitufe cha pembeni bado kina gundi niliyokitia kwa mkono wangu. Nikakikodi wiki 3 kwa mtu niliyemuuzia mwenyewe na kila nikirudisha anakigeuza geuza ananiuliza umekiharibu wapi. Kwa hiyo PSR toa kwenye hesabu kabisa, tusiizungumze tena.

Na si suala la pesa tu. Wewe wapiga taarabu na wasindikiza kasida, unahitaji robo, zile noti zinazokaa katikati ya funguo mbili. Kwenye A2000 unazishusha noti za "mi" na "si" kwa robo kwa vitufe, Rast (ile makamu ya Kiarabu) inakaa palepale, wimbo ukiisha unairudisha. DX7 ya kwanza hiyo kazi haina, Yamaha waliileta kwenye DX7II mwaka 1987, na Juno ndo usiseme, labda ukae unaivuta ile benda (wenzo wa kupindisha noti) noti kwa noti mpaka bibi harusi azeeke. (Wazee wa huko kwenu ukiwaambia unauza kinanda angalia wasidhani ni kibangala cha nyuzi, watakusomea.)

Sasa ya kuuza ni Juno. Najua umeshtuka.

Sikiliza. Juno-106 ilitoka 1984, ina sauti 6, yaani noti 6 kwa mpigo, na kila sauti ina chipu yake ndani inayoitwa 80017A ambayo waliifunika kwa kitu kama gundi ngumu. Hiyo gundi ikizeeka inaiharibu chipu, sauti moja inakufa au inakwaruza, na kwa vile mashine inazigawa noti kwa zamu, karibu kila noti ya sita inapotea. Ndo pengo lako hilo. Hakikisha hivi: izime, shikilia kitufe kilichoandikwa KEY TRANSPOSE, iwashe huku bado umekishikilia, halafu piga funguo moja moja polepole. Kile kioo kidogo kitakuonyesha namba ya sauti inayolia, 1 mpaka 6. Ile namba ikitokea na hakuna kitu masikioni, ushaijua mgonjwa. Chipu mpya za kubadilisha zinatengenezwa na watu, lakini ukibadilisha moja leo zile 5 zina umri huo huo, na kutoa chipu yenye miguu mingi kwenye bodi ya miaka 40 bila kung'oa njia zake ni kazi ya mtu mwenye vifaa, si fundi yeyote tu wa redio. Na wewe uko Lamu, hewa ya chumvi, zile slaida ziko wazi juu zinameza kila kitu. Ukikaa nayo miaka mitano ukingoja bei ipande, bei itapanda ndio, ila itakuwa ya Juno za watu wengine.

Halafu umeniambia imetoka Japani. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Za huko ni volti 100 na sisi huku ni 240, kwa hiyo bila shaka unatumia transfoma ya kushusha, na kama hutumii na bado inalia basi mjomba wako aliibadilisha au wewe una bahati ya ajabu. Iuze pamoja na transfoma yake na umwandikie mnunuzi kwa herufi kubwa, kuna mtu ataichomeka moja kwa moja ukutani akuletee majivu.

Ile 80,000 ulifanya vizuri kukataa. Juno-106 nzima huko nje watu wanazungumza dola 1,500 kwenda juu. Yako si nzima, ina pengo na ina volti ya Japani, kwa hiyo itashuka, lakini si kushuka hivyo, hiyo ni bei ya mtu aliyeona una shida. Chukua video, onyesha ile jaribio ya namba 1 mpaka 6, sauti iliyokufa uionyeshe wazi wala usiifiche nyuma ya korasi (kile kitufe cha kunenepesha sauti), manake korasi ya Juno ni tamu mno inafunika aibu nyingi. Mnunuzi anayezijua hizi mashine akiona umesema ukweli hatakusumbua bei sana, keshajua atatengeneza nini. Jaribu Nairobi, na huku Malindi pia kuna Wataliano wana vichumba vya muziki majumbani.

Pesa ya Juno ikiwa haijatosha, ya pili ni DX7. Hapa usitegemee mengi, tangu 1983 zilitengenezwa kwa maelfu na maelfu kwa hiyo si adimu. Lakini wewe hutaikosa: kuna programu ya bure inaitwa Dexed, inafanya kazi ile ile ya DX7 na inakubali sauti zako zote 32 kama zilivyo ukizihamisha kwa waya wa MIDI, ule wa kuunganisha kinanda na kompyuta. Zihamishe KABLA hujafanya chochote. Ndani kuna betri bapa imechomewa kwenye bodi, ndo inayoshika kumbukumbu, na kwenye mashine ya hoteli sidhani kuna aliyewahi kuibadilisha. Siku ikifa utaamka sauti zote zimekuwa makelele na utadhani kinanda kimerogwa.

M1 baki nayo. Si kwa sababu ya ile piano na ogani yake ya 1988 ambayo kila mtu kaishaisikia klabu, ni kwa sababu studio itahitaji funguo za kuiendeshea laptopu na hiyo inahisi ukigonga kwa nguvu au pole. Juno haihisi kabisa. DX7 inahisi ila kwenye MIDI haipandi mpaka juu kabisa, ngoma za laptopu zinatoka kama zina njaa.

microKORG iache tu. Haitakuletea pesa ya maana, inakula betri 6 ndogo kwa hiyo stima ikienda unaendelea, na watoto wa kasida wakiiona ile sauti ya roboti watakuja mazoezini bila kuitwa.

Sasa orodha yako ya kununua, hapo ndo nimekasirika kidogo. Maiki ya kondensa Langoni? Kondensa inasikia kila kitu mwanangu, punda wa jirani, injini ya boti, adhana ya misikiti mitatu kwa mpigo, na bado inataka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Nunua maiki za SM58 mbili, ile ile ya tangu 1966, ukimweka mwimbaji karibu vidole vinne, punda anabaki huko huko nje. Saundi kadi soma tundu za maiki, usisome namba ya jina. Kwa mfano saundi kadi ya Scarlett 4i4 mtu anasikia nne anadhani maiki nne, kumbe za maiki ni mbili na zile mbili nyingine ni za vyombo kama PSR yako. Kwako hiyo inatosha: maiki moja kwa waimbaji, moja kwa matari, kinanda kwenye zile za nyuma. Laptopu chukua ya mtumba. Monita acha kwanza, nunua hedifoni nzuri, manake chumba cha nyumba ya mawe kuta nene zinazuia kelele za nje ndio, lakini ndani zile kuta zinarudisha sauti kama kisima, monita zitakudanganya. Muombe bibi godoro mbili za sufi uzisimamishe kwenye pembe, na mkeka mzito ukutani nyuma ya mwimbaji. Hiyo haina gharama isipokuwa bibi mwenyewe.

Kuhusu kusafirisha Juno, kusi likiwa kali usipande nayo boti, subiri. Usiifunge kwa nailoni peke yake ikae siku nyingi, inatoa jasho ndani. Ifunge leso mbili kwanza, nailoni juu, iweke miguuni pako mpaka Mokowe. Ni kilo 10 tu, ile DX7 ndo 14. Basi la Mombasa linapita hapa Malindi, kwa hiyo ukiwa unaipeleka kwa mnunuzi shuka kwanza uniletee, niipige dakika 5 hata na hilo pengo lake.