Mbona mizani haitimii?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimepewa ubeti huu niuchambue vina, mizani na umbo, na nimekwama kabisa:

Mtu akikosa jambo, usimcheke njiani,
Hujui lako la kombo, litakufika usoni,
Dunia ni kama chambo, humnasa wa makini,
Basi acha majigambo, mnyanyue toka chini.

Naambiwa ni tarbia ya mizani 16, ila mshororo wa kwanza napata 14, wa tatu na wa nne 15. Mtunzi kakosea? Halafu kina cha kati ni -o au -mbo? Nisaidieni jamani.

JIBU: Mtunzi yuko sawa, we ndo unahesabu kwa macho. Mizani ni silabi, na silabi inasikika mdomoni, hebu tamka polepole huku unagonga meza: m-tu, hapo mbili tayari maana hiyo m inasimama yenyewe bila irabu, halafu u-si-m-che-ke, tano, sasa rudisha hizo mbili ulizoruka 14 yako inakuwa 16. Kwenye wa tatu umemeza m ya "humnasa", wa nne ya "mnyanyue". Lakini usije ukaanza kuhesabu kila m unayoiona, ile ya "jambo" imeegemea b, kwa hiyo mbo ni silabi moja na ndo kina chenyewe, -mbo. Cha mwisho ni -ni.

Tarbia ni kwa sababu ya mishororo minne, basi. Ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, 8 kwa 8, hiyo ni mathnawi.

Wanapochemka wengi ni mpangilio wa vina, mtu anaona ubeti mmoja tu anaandika "mtiririko", umejuaje? Lazima uone beti zinazofuata: vina vya kati na vya mwisho vikibaki vilevile mpaka mwisho wa shairi ndo mtiririko, kimoja kikibaki na kingine kikabadilika ni ukara, vyote vikibadilika ukaraguni. Kibwagizo nacho hivyohivyo, mshororo wa mwisho usiporudiwa usiuite kibwagizo.

Usisahau "toka chini", hiyo ni inkisari, yaani kufupisha neno, angesema "kutoka" mizani ingekuwa 9 kwenye utao. Uhuru huo mshairi anao na hapo kautumia vizuri. Ila "wa makini" mi haijanikaa, inaonekana imesukumwa pale ili silabi zitimie, na ukiona hivyo andika tu kwenye uchambuzi wako, usiogope.