Je, ofisi ndogo ihamie BIM?

Swali: Ofisi yetu ya wasanifu majengo watatu bado inachora kwa AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta. Je, tuhamie BIM?

Jibu: Hamieni, ila si kwa mkupuo. Katika BIM, yaani Building Information Modelling (fundi asidhani mnazungumzia bimu ya zege), hamchori mistari, bali mnajenga jengo zima ndani ya kompyuta, kiasi kwamba mkisogeza dirisha, ramani, mwonekano wa mbele na jedwali la madirisha hubadilika papo hapo. Anzeni na nyumba moja isiyo na haraka, kwa kuwa mwanzoni mtakwenda polepole kuliko mlivyozoea. Mhandisi akitumia programu nyingine, badilishaneni mafaili ya IFC, yaani muundo wa faili unaosomwa na programu mbalimbali za BIM, mpate kuona bomba la maji taka linalokata bimu kabla zege halijamwagwa. Gharama ya mafunzo, kwa maoni yangu, asibebeshwe mteja.